Moshi wa tui

Hapa Tanga ukisema "sili nyama", mwenyeji wako haoni tatizo. Anakwambia, "Basi nikuwekee kuku." Ukikataa kuku hakati tamaa, samaki yupo, na kwa mtu wa pwani samaki hajawahi kuwa nyama. Ukikataa na samaki, hapo ndipo anarudisha kawa juu ya sahani, anakutazama usoni na kukuuliza, "Kwani unaumwa?"

Mimi nilikuwa naumwa kweli, na nitafika huko. Kwanza niseme kwamba hata lugha yetu haikuniandalia nafasi. Mboga kwetu ni chochote kinachoshushia ugali au wali. Mke wangu akiuliza "mboga leo nini?" naweza kujibu "nyama" na hakuna atakayeshangaa. Kwa hiyo ukimwita mtu "mla mboga" hujamtofautisha na mwenzake yeyote. Nimeishia kujitaja kwa kirefu: ng'ombe sili, mbuzi sili, kuku sili, samaki sili, maziwa nakunywa na yai nala. Binti yangu aliyeko chuo amekwenda mbali zaidi, haligusi yai wala maziwa wala asali. Yeye neno analo, vegani, lililobuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake. Kwa Kiswahili bado tunaeleza kwa sentensi nzima.

Kazi yangu ni mishikaki. Nipo Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zetu za namba, huu mwaka wa 14. Jiko langu ni pipa lililopasuliwa nusu, juu yake wavu, mkononi kipepeo. Mchana nanunua paja, nakata vipande vya saizi moja ili viive pamoja, navilaza kwenye papai bichi lililosagwa, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, chumvi na pilipili manga. Jua likizama nawasha. Nyama naijua kwa kidole; nikiibonyeza tu najua imebakiza dakika ngapi.

Mchomaji hakai kula, anaonja. Unaonja kipande cha kwanza kujua chumvi. Unakula vilivyoungua ncha, unakula vya kijiti kilichokatika, saa nne usiku unamalizia maini na figo ambazo wateja hawakuzichukua. Ukirudi nyumbani unasema hujala kitu tangu mchana, na unaamini unachosema. Miaka 11 niliishi hivyo.

Kisha usiku mmoja nikaamshwa na kidole gumba cha mguu wa kushoto. Kilivimba, chekundu, cha moto, na shuka ikikigusa nilitaka kulia. Mama mkwe alikuja alfajiri, akakitazama, akasema, "Umekanyaga kitu, mwanangu. Kazi ya barabarani ina macho mengi." Simlaumu, hata mimi nilianza kuhesabu nani ana kinyongo nami. Siku ya tatu nikaenda hospitali, nikapimwa damu, nikaambiwa ni jongo. Mwili ukivunja vitu viitwavyo purini hutoa asidi ya yuriki. Ikizidi kwenye damu hugeuka vijiwe vidogo kama sindano na kukaa kwenye maungio, na hupenda sana kidole gumba. Maini, figo, nyama nyekundu na dagaa vina purini nyingi. Daktari alinitajia chakula changu chote cha saa nne usiku kama aliyekuwa amesimama nami jikoni. Soda za sukari nazo alizitaja, jambo ambalo sikulitegemea. Dawa alinipa, nazinywa mpaka leo, na ndizo zilizonirudisha kazini. Asije mtu akaacha dawa kwa sababu amesikia nimeacha nyama.

Mtaani kila mtu akawa daktari. Wengi walisema, "Acha nyama, na maharage uache." Hilo la maharage lilinitisha kuliko la nyama. Ukimwondolea mtu wa Tanga nyama, samaki, maharage, kunde na mbaazi, umemwachia nini? Binti yangu ndiye aliyelitafutia jibu. Alinisomea utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, uliowafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12: waliokula nyama na vya baharini kwa wingi walipata jongo zaidi, lakini mimea yenye purini, maharage yakiwemo, haikuongeza hatari, na maziwa yaliipunguza. Nilimpelekea daktari karatasi, akasoma, akasema, "Kula mbaazi zako, bwana."

Nikala. Mke wangu ni mtu wa Muheza, na mkono wake kwenye tui unajulikana. Mbaazi za nazi asubuhi na mandazi, kisamvu kilichotwangwa kikalala kwenye tui la kwanza, kunde, choroko, mchicha, bamia. Chakula hicho ni kizuri na sisemi vinginevyo. Hata hivyo ikifika magharibi, nikisimama mbele ya jiko na mafuta yakaanza kudondokea makaa, nilijikuta nameza mate mpaka nikaona aibu. Tumbo lilishiba, mdomo ukabaki na njaa. Miezi mitatu nilichoma nyama ambayo sikuionja. Chumvi nilimwonjesha kijana wangu wa kazi.

Jirani yetu ni mama wa Kipare, Msabato. Wasabato walifika Upare mwaka 1903, wakaanzia Giti, na kwao suala la chakula na afya ni sehemu ya dini. Si wote walioacha nyama, lakini huyu aliacha tangu ujana. Aliposikia habari zangu akaniita uani kwake. Akakanda unga wa ngano kama wa chapati, akauacha, kisha akauzamisha kwenye beseni la maji na kuufinya. Maji yakawa meupe kama tui. Akamwaga, akatia mengine, akafinya tena, mara sita au saba, mpaka ikabaki mkononi nyama nyama fulani ya kijivu, inavutika, haikatiki kwa vidole. Wanga wote ulikwenda na maji, ilibaki protini ya ngano. Akaichemsha na vitunguu, akaikaanga, akanipa. Nilitafuna. Nilitafuna kweli, kwa meno ya nyuma, jambo ambalo mbaazi haziniombi kulifanya. Nikagundua taya zangu zilikuwa na hamu yake peke yake.

Akanieleza kwamba Wachina walikuwa wakila kitu hiki karne nyingi kabla yetu, hasa kwenye mahekalu ya Kibudha. Na kwa Wasabato kuna daktari John Harvey Kellogg, wa Battle Creek kule Michigan, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa anawapikia wagonjwa wake nyama za karanga na ngano. Mimi nilidhani nyama bandia ni jambo la vijana wa intaneti. Kumbe lina wazee wake.

Mama huyo ndiye aliyenionyesha nyama ya soya, vile vipande vikavu kama sponji vinavyouzwa kwenye pakiti madukani. Soya hukamuliwa mafuta, unga unaobaki hutiwa maji na kusukumwa na mashine kwenye tundu jembamba kwa joto na mgandamizo mkali. Ukitoka unavimba na kujifanyia nyuzi. Ufundi huo uliendelezwa Marekani katika miaka ya 1960. Vikiwa vikavu, karibu nusu ya uzito wake ni protini. Vikinywa maji vinazidi kama mara tatu, kwa hiyo usimsikilize anayekwambia kipande cha soya kilichopikwa kina nguvu kuliko steki, anakuhesabia kikavu. Lakini kwa mfuko wa mtu wa kawaida ni mali.

Nikavipeleka jikoni kwangu, nikavifanyia kila nilichokuwa nafanyia nyama. Vilikuwa vibaya. Nje vimekauka kama gamba, ndani maji, na vilinuka maharage mabichi. Kijana wangu alitafuna kimoja kwa adabu, akanyamaza. Kwa wiki mbili kila jioni nilichoma vijiti vinne kando ya nyama nikavimwaga.

Nilichojifunza wiki hizo mbili ni kikubwa kuliko nilichojifunza miaka 11. Kwanza, harufu ya soya inakaa kwenye maji. Ichemshe kwenye maji ya chumvi, mwaga, kamua kwa viganja viwili kama unavyokamua chicha, tia maji mengine, kamua tena mpaka isitoe tone. Ikiwa kavu hivyo inanywa kila utakachoipa, na ikiwa imejaa maji haina pa kuweka viungo. Pili, papai halina kazi. Papai ni la kuvunja ugumu wa nyama, na hapa hakuna ugumu wa kuvunja. Unatafuta usiopo na unapata uji. Ndimu, tangawizi na ukwaju vinatosha.

La tatu lilinichukua muda. Vipande vilikuwa na chumvi, uchachu na pilipili, lakini vikitoka motoni havikuwa mishikaki. Jioni moja mafuta ya nyama yalidondoka, ukapanda ule moshi wa buluu, ukapita juu ya vijiti vyangu vya soya vilivyokuwa upande wa pili, navyo nilipovionja vilikuwa na ladha ambayo jana yake havikuwa nayo. Nikasimama na kipepeo mkononi. Miaka yote hiyo nilidhani nauza nyama, na kumbe nusu ya ninachouza ni moshi wa mafuta yaliyoangukia makaa. Soya haina mafuta. Imekamuliwa yote kiwandani. Haina cha kudondosha.

Mtu wa Tanga akitaka mafuta yasiyo ya mnyama haendi mbali. Nilikuna nazi mbili, nikachuja tui la kwanza bila kuongeza maji mengi, nikalilazia soya usiku kucha na viungo vyangu, pilipili manga na mdalasini wa Amani, kule milima ya Usambara. Kesho yake nilipoweka wavuni, tui likaanza kuchuruzika, likadondokea makaa, na moshi ukapanda. Si moshi wa nyama. Ni mtamu zaidi, unakaribia ule wa kuku wa kupaka. Kijana wangu aligeuka bila kuitwa. Nikaonja kimoja, cha pili, na macho yakanilenga machozi. Sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa nimerudishiwa kazi yangu.

Tangu hapo nimejaribu mengi. Fenesi changa kutoka Muheza ukilipika lina nyuzi kama nyama ya kuchambua, linapokea ukwaju vizuri sana, ila paka mafuta kisu na mikono kabla ya kulipasua au ulimbo utakutesa siku nzima. Lisikudanganye lakini: gramu 100 zake zina protini kama gramu 2. Linaridhisha jino tu, kwa hiyo mimi nalipanga na kunde pembeni. Uyoga mamama ndio ninaoupenda kuliko vyote. Uchane vipande virefu, upake chumvi na tui, uugandamize wavuni kwa kitu kizito mpaka maji yatoke na kingo ziwe kahawia.

Binti yangu alinisimulia juu ya kampuni ya Impossible Foods ya California, iliyotoa mwaka 2016 baga ya mimea inayotoa rangi ya damu. Sikuelewa mpaka tulipokuwa shambani kwa wakwe, Muheza, wakati wa kunde. Aling'oa mche mmoja, akaonyesha vinundu vidogo kwenye mizizi, akakipasua kimoja kwa ukucha. Ndani palikuwa na wekundu wa waridi. Kitu kinachotoa rangi ile ni ndugu wa kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu, na kampuni ile ilichukua aina ya kwenye mizizi ya soya, ikaifanya hamira iitengeneze kwa wingi. Nimepita katikati ya kunde tangu utoto na sikujua zina kitu kama damu miguuni.

Wapo wanaoniuliza, na baadhi yao ni watu waliokwisha kuacha nyama: ukishaiacha, kwa nini uiige? Wanasema pwani yetu haikuhitaji nyama ya soya. Tuna bajia za kunde, kachori, viazi karai, muhogo wa kuchoma na chachandu, na hakuna hata kimoja kinachojifanya mnyama. Wanasema kweli. Lakini mimi sikuiacha nyama kwa kuichukia. Niliacha kwa sababu ya kidole, na nilipokaa mwaka bila kuila nikaona sitaki kurudi, hata daktari aliponiambia kidogo si vibaya. Niliyoyapenda kwenye mishikaki, yaani moto, moshi, uchachu, kutafuna, na kusimama na watu gizani tukisubiri kijiti kigeuzwe, sikuona sababu ya kuyatupa pamoja na mnyama. Tena mbaazi unazila nyumbani. Jioni rafiki zako wakisema twende tukapate mishikaki, mbaazi haziendi nawe.

Lililoniuma zaidi lilikuwa la dini. Kwenye hitma moja tulikaa watu watano kwenye sinia, mimi nikila pilau ya ukingoni, na mzee mmoja akasema mbele ya wote, "Unaharamisha alichohalalisha Mungu?" Sikulala. Nilikwenda kwa shehe wetu, akaniambia kwa upole kwamba kula nyama si faradhi, na kosa ni kudai imeharamishwa. Nikiiacha kwa afya au kwa kutoitamani sina neno la kujibu. Idi ya kuchinja nachinja kama kawaida, nagawa fungu zote. Mzee yule siku hizi hunitengea upande wa sinia wenye zabibu.

Nafika pale ambapo kosa ni langu. Siku za mwanzo mteja mmoja alichukua kijiti cha soya akidhani ni nyama, akakisifu, nami nikanyamaza kwa furaha. Nilipomwambia siku ya pili alikasirika, na alikuwa na haki; nilimlisha mtu kitu bila kumwambia ni nini. Nikaandika ubao. Nikadhani nimemaliza suala la uaminifu.

Kisha akaja kijana wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa, Kiswahili chake cha Tanga kabisa. "Kaka, hii ya soya safi?" Nikamjibu "safi" bila hata kuwaza. Akachukua vijiti vinne, akatia chachandu, akainua cha kwanza, na macho yake yakaangukia mkono wangu. Nilikuwa nageuza nyama ya ng'ombe, kisha kwa koleo lile lile nikageuza soya, juu ya wavu ule ule. Akarudisha kijiti kwenye sahani taratibu. Akauliza bei, akalipa vyote vinne, na nilipokataa hela aliiacha mezani. "Si hasira, kaka," akasema. "Kwetu hata kisu hakichanganywi."

Angepiga kelele ningejitetea. Nilibaki na sahani yake mkononi na kichwani nikageuza mambo: mtu aniuzie chakula, nimuulize ni halali, aseme halali, kisha nione mafuta ya nguruwe kwenye koleo lake. Nisingehitaji kuelezwa. Na ule ugunduzi wangu wote wa moshi, mwanzo wake ulikuwa ni mafuta ya nyama kupita juu ya soya; nilikuwa nimelijua hilo kwa ulimi wangu na bado nikamwambia "safi".

Wiki ile nilifunga kazi siku mbili. Nilinunua pipa jingine, nikalipasua, wavu mpya, koleo mpya, kisu, ubao wa kukatia, brashi ya tui, beseni lake. Vyote vya soya na uyoga nimevifunga uzi wa kijani wa mkonge uliotiwa rangi, kijana wangu asije akakosea kwenye giza. Mtu akiniuliza "safi?" siku hizi namwonyesha jiko kwanza, aamue mwenyewe.

Binti yangu akiwa likizo ndiye anayelisimamia. Namwamini kwa moto kuliko ninavyomwamini kwa afya yake, nasema kwa uchungu wa baba. Nakunywa maziwa na nala yai, yeye hataki, na vitamini B12 haipo kwenye mimea. Inatengenezwa na bakteria, nasi huipata kwa wanyama au kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Ini huweka akiba, kwa hiyo mtu anaweza kupita miaka akijiona mzima, kisha ganzi ianze vidoleni na damu ipungue. Nilimwambia sitamgombeza juu ya asali wala mayai, lakini kidonge nitakiona kwa macho yangu. Anakinywa. Tumekubaliana pia chai isinywewe papo hapo baada ya maharage, maana inazuia madini ya chuma, na kachumbari ya ndimu isikose, maana inayasaidia.

Majiko mawili sikuyaweka pamoja. Kaskazi ikivuma moshi wa nyama unakwenda upande wa msikiti, na la kijani linakaa karibu na mwembe. Kusi ikianza unageuka, unaelekea mwembeni, basi jioni ya kwanza ya kusi tunayabadilisha nafasi, mimi na kijana wangu, kabla ya kuwasha. Mwaka huu tumeyahamisha mara mbili. Yule kijana wa vijiti vinne sijamwona tena, hela yake ipo kwenye kikopo cha chumvi.